Mine ya kreyo: mulima yenye balilinda sawa banki

Juzi magaribi mutoto yangu ya mwanamuke, ile ya kalasi ya ine, alikuwa anafanya devwari ku meza, umeme imekatika, bugi iko katikati ya makaye, na kreyo yake ikaanza kumuchokoza, anachonga, ncha inavunjika, anachonga tena, inavunjika. Akasema: «Papa, mine ya kreyo imevunjika tena.» Akanyamaza kidogo, kisha akaniangalia: «Papa, juu ya nini banaitaka mine? Balichimba mu kreyo?»

Nikacheka mbele. Sie bantu ya Lubumbashi tukisikia mine tunawaza mine ya shaba ya Étoile kule Kalukuluku, tunawaza Kipushi, Kambove, vumbi na makamyo ya kwenda Kasumbalesa, nani anawazaka kreyo? Lakini ile swali iko na jibu ya kweli, na jibu inapita mu mulima moja ya Uingereza kwenye kulikuwa mine ndogo ya grafiti, ile kintu nyeusi ya ndani ya kreyo, leo imebakia mashimo, malundo ya majiwe na misingi ya manyumba yenye yalianguka. Niliisomaka zamani na haikunitoka mu kichwa, juu nikiangalia ile mabomoko na macho ya muntu ya Katanga minaona kintu ya kuchekesha: bale bantu balipima nguvu mingi ya kuzuia mwizi kuliko ya kuchimba. Kuchimba ilikuwa kazi ya kipindi kidogo tu. Kulinda ilikuwa kila siku.

Tuanze na jina, juu jina njo ilidanganya bantu myaka mingi. Bafaransa banasemaka mine ya kreyo, na zamani balisema mine de plomb, ni kusema mine ya plomb. Bangereza nabo banaitaka lead mpaka leo, ni ile ile plomb. Na sie batu ya Kiswahili tusicheke, juu mu Kiswahili bora ya vitabu kreyo inaitwa kalamu ya risasi, na risasi ni nini? Ni ile chuma nzito ya kutengenezea masasi ya bunduki. Dunia yote ilikosea pamoja! Zamani bantu balikuta majiwe meusi, laini, yenye kuchafua mikono na kuacha mustari ku karatasi, bakawaza ni aina ya risasi, bakaipa hata jina ya Kilatini, plumbago. Sasa uliza muntu yeyote mwenye alishika bintu mbili ile mu mukono: risasi iko na uzito mara 11 na kidogo kuliko mayi, grafiti mara 2 na kidogo tu. Hata mutoto angeona tofauti. Lakini jina ikishaingia mu kinywa ya bantu inakawia kutoka. Njo mu 1779 Carl Wilhelm Scheele, mufarmasi ya kule Sweden, alionyesha kama ile kintu haina risasi hata kidogo, ni kaboni, na mu 1789 Abraham Gottlob Werner, Mujerumani, akaipa jina grafiti, kutoka neno ya Kigiriki ya kuandika.

Kaboni, ni kusema ndugu ya makala yenye mama anapikia bukari, na ndugu ya almasi ya Mbuji-Mayi. Damu moja, tabia mbalimbali. Mu almasi zile chembe zimeshikana pande zote, haiachii. Mu grafiti zimejipanga sawa karata mu paketi: kila karata iko nguvu, lakini karata moja na ingine zinateleza. Ukiandika a, e, i mu kaye, ni karata mingi sana zinateleza zinabakia ku karatasi. Njo maana inachafua vidole.

Basi, mulima yenyewe. Iko kaskazini-mangaribi ya Uingereza, mu bonde ya Borrowdale, juu ya kakijiji kanaitwa Seathwaite. Ni inchi ya milima, kondoo, mawe na mvua, na mvua yenyewe si ya mchezo: Seathwaite inapataka zaidi ya milimita 3,000 kwa mwaka, sie Lubumbashi na ile mvua yetu ya mwezi wa kumi na mbili yenye inakata njia ya Katuba hatufike hata nusu. Mu karne ya 16 bachungaji ba pale balikuta ile jiwe nyeusi. Banasimuliaka kama upepo uliangusha muti mukubwa, ku mizizi yake njo kukaonekana weusi. Kama ni kweli ao ni hadisi ya kupamba, mi siwezi kula kiapo, lakini kintu yenye bachungaji balifanya nayo inaeleweka kabisa: balitia alama ku kondoo zao. Mvua haiifute haraka. Bantu ba pale baliipa jina yao, wad.

Mu 1565 Conrad Gessner, mwanachuoni ya Uswisi, tayari alichora mu kitabu kifaa ya kuandikia yenye jiwe nyeusi imetiwa mu kimuti, ni mu kreyo za kwanza kabisa zenye tuko na picha yake. Na ile wakati ile, mu milima ile ile, kulikuwa Bajerumani benye baliitwa kuja kuchimba… shaba! Balifika kuanzia 1564, bakaweka makao ku muji mudogo ya Keswick, chini kidogo ya Borrowdale. Ni kusema inchi ile haikuwa ya bachungaji bila ujuzi, kulikuwa mafundi ba kutoboa mulima na pioshi karibu pale. Mi ile inanifurahisha, shaba inanifuata mpaka ku Uingereza.

Sasa hapa mambo inaanza kuwa nguvu kidogo. Ku Katanga shaba yetu imelala sawa mukeka, matabaka marefu, ukipata unaifuata, unajua kesho utachimba wapi. Wad ya Seathwaite haikulala vile. Miaka karibu milioni 450 iliyopita pale kulikuwa volkano (ba ndugu ba Goma beye hata hawana haja ya kuelezwa), na chini ya majiwe ya volkano kulikuwa matabaka ya matope ya zamani yenye kaboni. Mayi ya moto sana na hewa yenye kaboni ikapanda mu nyufa, na kwenye nyufa zilikutana ikaacha grafiti safi, mu mashimo ya kusimama sawa bomba. Bomba moja inaweza kuwa na upana ya metre moja kwa tatu, na urefu inaweza kupita metre mia. Pembeni yake: jiwe kavu. Unaweza kutoboa mwaka muzima bila kuona hata kipande ya kujaza mukono, kisha asubuhi moja unaingia mu bomba na wiki ile unakuwa tajiri.

Ukielewa ile, mabomoko ya pale inaanza kusomeka. Muntu mwenye anapanda mulima ile mara ya kwanza anaona fujo, shimo huku, shimo kule, lundo ya majiwe inashuka sawa ulimi, ingine pembeni yake, hakuna mupango. Mupango iko. Anza juu. Kule juu njo kwenye bomba zilifika ku uso wa udongo, njo kwenye ba kwanza balichimba toka juu kushuka chini, na moja ya ile mashimo ni kubwa sana mpaka iko na jina yake, Grand Pipe, ni kusema Bomba Kubwa. Lakini ukichimba kushuka, mayi inakushinda, hasa na ile mvua, na kila kilo ya jiwe unaivuta juu na kamba. Basi bale ba nyuma balitoboa tunele za kulala, toka pembeni ya mulima, chini zaidi na chini zaidi, ili bakutane na bomba toka chini, mayi inatoka yenyewe, majiwe inasukumwa ku kigari. Njo maana kwa jumla, pale, kushuka mulima ni kushuka mu miaka kuja karibu yetu. Kila mulango ya tunele iko na ulimi yake ya majiwe mbele yake, na ukubwa ya ulimi inakuambia balitoboa urefu gani ndani, hata kama mulango ilishaanguka na huwezi kuingia.

Na ku ukuta wa tunele, kuko mwandiko. Ukiona mikwaruzo mifupi mingi, karibu karibu, na njia yenyewe nyembamba ya kupita bega moja, ile ni pioshi na mukono, kazi ya pole pole. Ukiona nusu ya shimo ya mviringo, sawa mutu alipasua bomba ya mayi katikati akaacha nusu ku ukuta, ile ni shimo ya baruti: balitoboa, bakajaza, ikalipuka, nusu moja ikaenda na jiwe, nusu ingine ikabakia. Bantu ba arkeoloji banapima ile, banajua pioshi ilikuja mbele, baruti nyuma. Muntu mwenye alitumika chini ya udongo atakuambia ile bila kusoma kitabu, mujomba yangu alikuwa anapitisha kidole ku jiwe ya karyeri na kukuambia ni timu gani ilitoboa.

Lakini nilisema mwizi. Twende ku mwizi.

Mwanzoni wad ilikuwa ya kondoo tu, ya kupaka chuma isipate kutu, hata dawa ya tumbo balitengeneza nayo. Kisha bantu ba vita bakagundua kintu. Grafiti haiyeyuki ku moto ya kawaida ya fundi, unaweza kupita digri 3,000 na inakuangalia tu. Risasi ya kweli inayeyuka ku digri 327, ni moto kidogo tu. Basi ukitaka kumwanga chuma mu kifinyango utoe sasi ya mviringo ya mzinga, unapaka ndani ya kifinyango na wad, chuma haishikane na kifinyango, inatoka laini, mviringo safi, na sasi ya mviringo safi inaenda kwenye unalenga. Bafonderi ba hapa kwetu benye bayeyusha shaba mu vyungu vya grafiti banajua ile siri. Ukumbuke pia kama kule Uingereza wakati ile ni falme ya mameli ya vita. Jiwe ya mchungaji ikageuka jiwe ya serikali, na hakukuwa mahali pengine dunia nzima penye grafiti safi na ngumu vile, ya kukata na msumeno ukatoa kijiti ya kuandika bila kuichanganya na kintu yoyote. Mwanzoni mwa karne ya 19 kilo moja ya ile nzuri ilikuwa na bei ya kutisha, pauni ya uzito moja, haifike nusu kilo, ilipita shilingi 30 za wakati ile, na mufanyakazi wa kawaida angetumika majuma kupata zile.

Wenye mine nao bakafanya hesabu yenye mi minaiheshimu na kuichukia pamoja. Badala ya kuchimba kila siku na kuangusha bei, balifungua mine kipindi, balitoa ya kutosha, bakafunga. Na kufunga ya kweli, banaziba mulango, banaacha mayi ijae ndani, mwizi asipate njia. Wad yenyewe haikuuzwa pale, ilipelekwa London kwenye munada, na mafundi ba kreyo ba Keswick, benye wanaona mulima ile ku dirisha, balipashwa kuinunua kule London mbali irudi tena. Ukisikia ile na unatoka Katanga, hauhitaji kuelezwa mara mbili.

Mu 1752 bunge ya Uingereza ikapitisha sheria yake pekee juu ya ile jiwe: kuiba wad ao kuingia mu mine ya wad kuiba ikawa kosa kubwa, unaweza kupata kifungo na kazi nguvu, fimbo mbele ya bantu, ao kupelekwa ng'ambo ya bahari miaka 7. Sheria yenyewe inataja masasi ya mizinga na mabomu. Yote ile juu ya kintu yenye mutoto yangu anavunjavunja ku meza.

Na njo hapa nyumba ya mulinzi inaingia. Juu ya mulango moja ya tunele balijenga nyumba ya majiwe, na ndani, mu chumba moja, ku sakafu, kulikuwa mulango ya kufunika, njo mulango ya mine. Hauwezi kuingia mu mulima bila kupita mu nyumba ya mulinzi. Asubuhi bachimbaji banaingia mu chumba, banashuka, magaribi banatoka mu shimo, banavua nguo za kazi mbele ya mukubwa ya kazi, banapekuliwa, banavaa nguo zao, njo banaenda. Leo ya ile nyumba kumebakia mistari ya majiwe mu majani. Muntu mwenye hajui atapita atasema ni zizi ya kondoo.

Mujomba yangu, nilishamutaja, alitumikaka ku kampuni moja hapa, siitaje, na kila magaribi ku geti alikuwa anavua biatu, anapigisha kisigino chini mara mbili, tok tok, ili balinzi baone hakuna kintu. Alifanya vile mpaka pensheni. Ku nyumba hata, akitoka shamba, mbele ya kuingia alikuwa anavua biatu na kupiga, tok tok, na shangazi anacheka. Nikisoma juu ya kile chumba ya Seathwaite, njo ile sauti minasikia.

Bale benye hawakuwa na kazi ku mine nao walikuja ku malundo. Mu 1749 musafiri moja, George Smith, alipanda mule na bandugu zake, na barua yake ilitoka mu gazeti ya London mu 1751: alikuta bantu ku mulima banachimbua mu majiwe yenye ilitupwa, banatafuta vipande vyenye bachimbaji hawakuona. Bakrezere, tungewaita! Na ile inaletea bantu ba arkeoloji kichwa kuuma. Lundo ya majiwe ya mine ni sawa kaye: chini ni kazi ya kwanza, juu ni ya mwisho, unasoma ukurasa kwa ukurasa. Lakini kama bantu baliigeuza na pioshi mara kumi miaka mia mbili, kurasa zimechanganyika, kipande ya kiko ya udongo ya karne ya 17 inaweza kulala juu ya msumari ya karne ya 19. Terili yetu nayo, ile mulima nyeusi pembeni ya shimini, balitupa takataka ya shaba pale toka wakati ya Union Minière, kampuni ya shaba ya wakati ya bakoloni, kila mutu anaona takataka, kisha ikajulikana mule muko kobalti, bakaanza kuikata upya. Muntu ya arkeoloji wa miaka mia tatu ijayo ataumia sana na sie.

Mine ya Seathwaite ilikufa namna gani? Sehemu moja, bomba ziliisha. Sehemu ingine ni vita. Mu 1793 Ufaransa na Uingereza balianza kupigana, wad haifike tena Paris, na jeshi bila kreyo ni shida, hakuna ramani, hakuna hesabu. Nicolas-Jacques Conté akapewa kazi ya kutafuta njia, na mu 1795 akapata hati ya uvumbuzi yake: twanga grafiti ya kawaida, yenye vumbi, yenye uchafu kidogo, changanya na udongo wa mfinyanzi, vuta vijiti, choma mu tanuru. Ni tofali, kwa kifupi. Tofali nyembamba. Udongo mingi, kreyo inakuwa ngumu na mustari wa kufifia, udongo kidogo inakuwa laini na nyeusi. Kuanzia pale wad safi haikuwa tena kintu ya lazima, grafiti ya mahali popote inaweza. Keswick baliendelea na fabriki zao za kreyo karne nzima ya 19, lakini mulima yenyewe ilikuwa inatoa kidogo kidogo, na mbele ya 1900 kazi ilikuwa imekwisha.

Nilimuelezea mutoto yote ile, na mukono, na makala moja ya jiko, na paketi ya karata, bugi ikafika mwisho. Alielewa ya tofali haraka sana, juu mu avenyi yetu kila mutu anachoma matofali. «Basi mine yangu inavunjika juu haikuiva?» Nilimwambia inawezekana, ao ni juu alikuwa anatupa kreyo chini mu kalasi, mine inavunjikaka ndani bila kuonekana. Akakataa ile ya pili.

Akauliza pia kama leo kuko mutu anachimba grafiti. Weee, sana, kuliko wakati yoyote! Mu batri ya gari ya umeme na ya telefone, kobalti ya Kolwezi inakaa upande moja, na upande ingine mwingi ni grafiti, uzito wake unaweza kupita ya kobalti mbali. Msumbiji kule Balama beko nayo, Tanzania kule Mahenge, Madagaska. Ni ile ya vumbi, ya matabaka, ya makamyo. Ile ya bomba, ya kukatwa na msumeno, hiyo ilibakia hadisi ya Borrowdale.

Mulima ya Seathwaite yenyewe sasa iko mu inchi ya milima na maziwa yenye UNESCO iliandika mu urithi wa dunia mu 2017. Bantu banapandaka kutembea, na mvua ikipiga sana malundo yanateleza kidogo, na tuvipande tweusi tunatokea juu, tunang'aa na mayi, unaweza kuokota, kuandika jina yako ku jiwe ya pembeni. Lakini kutia mu mufuko na kwenda nayo bila ruhusa, bado ni marufuku.